Nani Alimwondoa Baba Kwenye Migomba?

Wasikilizaji wapendwa, kabla ya salamu, inueni macho ukutani. Wengi wenu mnayo ile kalenda ya kampuni moja ya kupeleka wageni mbugani. Funueni mwezi wa nane. Migomba myeupe, anga la buluu, Mlima Meru nyuma. Chini wameandika “Theluji ya Meru”. Jina la aliyeitengeneza picha hiyo hawakuandika.

Ni binti, anaitwa Kaanaeli. Tumemzika juzi, kwao Kikwe. Leo tunamkumbuka yeye, na sauti yangu ikipanda mnivumilie. Nina hasira.

Kaanaeli alimaliza darasa la saba akaingia mjini, kwenye studio ya Romanus pale Daraja Mbili. Alianza kwa kufagia. Kisha akaosha filamu. Soko huria lilipoleta kompyuta za mtumba kila kona, Romanus akanunua moja, na Kaanaeli akakaa nyuma ya wenzake akitazama tu. Alitazama mpaka akajua. Watu wa Daraja Mbili, chunusi zenu za picha za harusi, ni yeye aliyeziondoa.

Siku moja mgeni mmoja alimwachia kamera kuukuu na kioo cheusi cha kufunga mbele yake. Kioo hicho huzuia mwanga tunaouona, hupitisha ule usioonekana, wa infraredi. Majani mabichi huurudisha kwa wingi. Kaanaeli akaenda nyumbani Kikwe, jua la saa saba, akaifunga kamera juu ya kigoda. Kioo kile kinataka muda, na jani la mgomba halitulii. Akangoja upepo. Kila ulipotulia, alipiga.

Picha ilitoka nyekundu tupu.

“Hii ni Kikwe au jiko la mkaa?” Romanus akamcheka.

Kaanaeli akavuta kiti. Aliketi kwenye kompyuta. Akaiambia programu kwamba majani ndiyo weupe, mengine yafuate. Nyekundu akaiweka mahali pa buluu, buluu mahali pa nyekundu. Anga likarudi. Migomba ikabaki myeupe. Na katikati ya weupe ule, kijivu, likasimama kaburi la baba yake na msalaba wake wa saruji. Maana kwao, mnajua, mtu huzikwa nyumbani, kwenye migomba yake.

Akamleta mama yake studio. Mama Marta aliinama mbele ya kioo cha kompyuta.

“Nani kaimwagia migomba yangu majivu?”

“Ni ile ile, mama. Nimeipiga kwa mwanga usioonekana.”

“Hauonekani, wewe umeuonaje?” Akagusa kioo kwa kidole. “Na baba yako huyu hapa. Amekaa vizuri. Nitolee kubwa, niweke sebuleni.”

“Karatasi kubwa zikija tu, mama.”

Karatasi hazikuwahi kuja. Alikuja mtu wa ile kampuni ya kalenda. Aliipenda picha. Alikuwa na neno moja tu.

“Hicho kidude cha katikati kitoke. Mgeni hafuati makaburi huku.”

“Si kidude,” Kaanaeli akasema. “Ni baba.”

“Basi baba atoke.”

Walicheka pale studio, wasikilizaji wapendwa. Romanus naye alicheka.

“Kaanaeli, ni kubonyeza tu. Mzee bado yuko Kikwe, atakwenda wapi?”

“Akitoka yeye, na mimi natoka.”

Akatoka, na kamera yake na kile kioo cheusi. Romanus akaketi mwenyewe kwenye kompyuta. Alichota majani meupe ya pembeni akalifukia kaburi. Na hata kazi hiyo hakuiweza! Rudini ukutani. Tafuteni jani lenye mpasuko. Mnaliona? Limerudiwa mara tatu. Chini ya majani hayo yuko mtu. Kisha akaihifadhi picha kwa jina lile lile, juu ya ile ya kwanza. Ya kwanza ikafutika. Kadi ya kamera nayo ilishafutwa ipokee picha mpya; hakuna nyingine.

Kalenda ikatoka. Benki, baa, ofisi za usharika, kila mahali. Mama Marta aliikuta kwenye zahanati. Aliijua migomba yake. Akatafuta msalaba, hakuuona.

Mdogo wake Kaanaeli, Sia, alikuwepo jioni ile nyumbani. Anasema dada yake aliamkia, “Shikamoo mama,” na mama hakuitikia. Baadaye akasema, “Wewe ndiye mwondoa chunusi za watu. Leo umemwondoa na baba yako.”

“Si mimi, mama.”

“Kazi yako naijua. Nionyeshe basi ile yenye msalaba.”

Angeionyesha wapi? Hilo ndilo lililomkaa moyoni Kaanaeli, si jina lake kukosekana. Akarudi kwenye migomba na kigoda chake. Masika yalikuwa yamekaza, jua linachungulia na kujificha, na kifua kimeshaanza kumbana. Sia akamwambia aingie ndani. “Upepo utulie kwanza,” akajibu. Alipiga picha moja. Wiki ile ile alilazwa, homa ya mapafu, na hakutoka.

Siku ya mazishi Sia alipeleka kadi ya kamera kwenye duka la picha mjini. Ikatoka kama zinavyotoka zote kabla ya mkono wa Kaanaeli. Nyekundu. Anga jekundu, migomba myekundu, na msalaba wa baba umesimama.

Vijana wa studio walishamweleza Mama Marta ni mkono wa nani uliofukia kaburi, na Romanus mwenyewe alikuja msibani. Ndiyo, alikuja. “Mama, nipe hiyo niisafishe. Bure kabisa.”

Mama Marta aliikumbatia picha. “Hii hujaigusa,” akasema. “Itabaki hivi.” Akaiweka juu ya jeneza, nyekundu hivyo hivyo. Kisha akainamia mbao. “Marahaba, mwanangu,” akasema. “Marahaba.”

Mama Marta, Sia, na ukoo wote wa Kikwe, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nanyi wenye kalenda, msiichane. Kwanza jiulizeni ni mara ngapi mmeisifu. Kisha chukueni kalamu. Pale jani liliporudiwa, choreni msalaba wa baba. Pembeni yake choreni wa pili. Huo ni wa Kaanaeli.