Santuri Sitini na Moja za Mkwe Wangu

Sogeeni, ndugu zangu, wa nyuma njooni mbele, viti bado vipo, na mwenye simu aizime, maana anayewasomea ni mjukuu wangu na sauti yake leo ni ndogo. Mimi sikusoma, haya niliyasema jana usiku kwenye meza ya jikoni naye akayaandika, na kila aliponiambia, bibi, hilo tuliache, nilimwambia andika. Kazi hii nimepewa mimi kwa sababu mke wa marehemu, binti yangu wa kuzaa, hajatoa neno tangu Jumapili, na mimi bado naongea, sijui kwa nini, naongea kama redio ambayo mtu ameisahau imewashwa.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Povu, alizaliwa tarehe 22 Agosti 1975, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba seremala na mama muuguzi, ambao wote wametangulia, akimfuata kaka yake dereva wa lori, yule pale aliyeegemea mlango. Kaka anasimulia kwamba mdogo wake alinusa kila kitu kabla hajakitia mdomoni, hata maji ya kunywa, mpaka mama yao akachoka akamwambia, wewe mtoto, hivi unanionaje, mimi nikuwekee sumu?

Alianza shule ya msingi Januari 1982 akamaliza 1988, akasoma sekondari miaka minne, kisha akaingia chuo cha ufundi kusomea kemia, akapata cheti chake tarehe 30 Novemba 1996. Mwaka huohuo mjomba wake, fundi redio, alimwachia santuri sitini na moja na mashine ya kuzipigia iliyokuwa haizunguki, zote za roki ya kiasili, yaani gitaa la mbao, harmonika, na mtu anayeimba kama anakupa habari za jirani, akaitengeneza mashine kwa mpira wa cherehani, na mpira huo ndio uliomo hadi leo.

Tarehe 12 Januari 1998 aliajiriwa maabara ya kiwanda cha soda, kupima gesi na sukari, akafanya kazi hiyo bila kukosa siku hadi tarehe 27 Februari 2009, kiwanda kilipofungwa. Tarehe 6 Aprili 2002 alimuoa binti yangu, wakajaliwa watoto wawili, huyu anayewasomea, aliyezaliwa tarehe 19 Julai 2003, na mdogo wake wa kiume, aliyezaliwa tarehe 4 Mei 2008.

Tarehe 1 Septemba 2010 alifungua kiwanda chake kidogo cha bia, katika gereji ya zamani iliyopakana na ukuta wa nyumba yake, matangi manne tu, bia ya hapahapa, ya shayiri ya mashamba ya karibu, na kila bia aliichagulia albamu yake. Alisema bia chungu inataka harmonika, bia nyeusi inataka sauti nzito isiyo na haraka, na bia nyepesi inataka wanawake wawili wanaopokezana, akaandika kwa penseli nyuma ya kila jalada ni bia gani ya kunywewa nayo, na sharti lake lilikuwa moja, upande mmoja, glasi moja, sindano ikiinuka na glasi iwe imekwisha. Binti yangu alikuwa akimcheka, baba nanihii, hawa watu wamekuja kunywa au kufanya mtihani, naye anajibu, vyote, mke wangu.

Mimi nilihamia kwao Januari 2011, baada ya kufiwa na mume wangu, na kwa kuwa sijui kukaa bure nyumbani kwa mkwe, siku moja yeye akiwa kwenye matangi nilizitoa zile santuri zote, nikazifuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, nikazitandaza kitandani zikauke, halafu nikazirudisha, yenye duara jekundu katikati kwenye jalada jekundu, yenye duara la kijani kwenye jalada la kijani, zilizozidi nikazipa majalada yaliyobaki, nikajiona nimefanya kazi.

Alhamisi tarehe 3 Machi 2011, saa kumi na moja jioni, ndiyo siku aliyowaita watu kwa mara ya kwanza, na kinyozi wetu, aliyekuwepo, anasema Fundi alimimina bia nyeusi, akatoa santuri kwenye jalada lenye picha ya daraja huku akiongea na wageni, akaweka sindano bila kutazama, na badala ya ile sauti nzito likatoka gitaa la mbio na watu wakipiga makofi. Alisimama na chupa mkononi. Kinyozi akamwambia, Fundi, hii nyeusi na huu wimbo, nani kawafungisha ndoa hawa, maana wamependana, na Fundi akanywa, akasikiliza upande mzima, akasema, basi na wakae. Jioni ile binti yangu alimuuliza nani amechezea santuri zako, akamjibu, mimi mwenyewe. Nilikuwa nimekaa hapohapo namenya viazi, na sikuelewa kitu.

Tarehe 17 Oktoba 2023 aligundulika ana saratani ya damu, akaanza matibabu mwezi uleule, na zile dawa zikamnyang'anya ulimi, kila kitu kikawa na ladha ya msumari, hata mchuzi, hata bia yake mwenyewe. Hakuacha kazi. Alimpa huyu binti yake aonje, yeye akaweka santuri, akamuuliza, mwanangu, zinakwenda pamoja au zinagombana, na mtoto akisema zinagombana alirudi kwenye tangi. Alilazwa tarehe 28 Mei, na Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akafariki, binti yangu akiwa amemshika mguu na mimi nikikunja shuka ambalo halikuhitaji kukunjwa. Sijalia. Nimefuta meza ile ile mara nyingi.

Jumatano kaka yake alizitoa santuri, akaniita, mama, njoo uone, hizi zimechanganyika zote, hakuna hata moja iliyo kwenye jalada lake, nataka nizipange vizuri kabla hatujamzika. Hapo ndipo nilipojua ni mkono wa nani, baada ya miaka kumi na mitatu. Alikuwa amekwisha kuzitoa tisa, mjukuu wangu akaingia na daftari la baba yake, akasema, baba mkubwa, simama kwanza, akatusomea ukurasa wa tarehe 3 Machi 2011, nami naurudia kama ulivyo: Mama mkwe amezichanganya zote sitini na moja. Asiambiwe. Amepatia kuliko mimi, nitabadilisha bia. Kaka akazirudisha zile tisa, moja moja, zilimokuwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani ya damu, majirani mliotuletea viti na maji, kinyozi aliyemnyoa hospitalini mpaka nywele zikaisha zenyewe, na wenzake wa kiwanda cha soda mliokuja kwa basi moja.

Alichoacha amekiandika mwenyewe tarehe 2 Juni, kwamba kiwanda ni cha mke wake, randa na misumeno ya baba yao ni ya kaka yake, daftari na kipimo cha sukari ya bia ni vya binti yake, mashine ya santuri ni ya kijana wake, na santuri zote sitini na moja ni zangu, zibaki zilivyo. Chini yake ameandika, tangi la nne halina albamu, mama mkwe achague.

Jana nilichotewa glasi ya tangi hilo, nikaishika dirishani, rangi yake ni ya chai ya rangi iliyopoa, nikatafuta santuri yenye duara la rangi hiyo, nikaiweka kando. Inaimba nini, sijui. Tukitoka makaburini mtapita gereji, tutaisikiliza upande mmoja, glasi moja, na mimi yangu nitaishika tu, maana bia inanipa kiungulia, naye alikuwa anajua. Pumzika kwa amani, baba.