Bi Munira na Bakteria Wanaosubiri Saini ya Tano

Bi Munira Al-Failakawi anastaafu Alhamisi hii, tarehe 30 Oktoba 2025, baada ya kuitumikia maabara yetu hapa Kuwait kwa miaka thelathini na miwili. Kamati ya Vibali, ambayo imekuwepo muda wote huo, bado inatafakari.

Alianza kazi jangwa lingali limejaa madimbwi ya mafuta yaliyoachwa na vita. Akawaunda upya bakteria fulani hadi wakaweza kula sumu ya mafuta na kuacha udongo safi. Ndani ya chupa walikula vizuri sana. Ilibaki kuwapeleka jangwani, na kwa hilo kilitakiwa kibali chenye saini tano, ya kwanza ikiwa yake mwenyewe. Mmoja wa waliosaini akistaafu, utaratibu wetu mtukufu unataka zote zianze upya. Amezianza upya mara sita.

Mwaka 2011 waziri alitarajiwa kututembelea. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, Bwana Fawaz, mpenda usafi, aliamuru maabara nzima ipigwe dawa ya kuua vijidudu. Ikapigwa. Bakteria wakafa wote, waziri hakuja, na Bwana Fawaz akapewa cheti cha usafi. Sisi tulilia. Bi Munira alikwenda nyumbani akarudi na kichupa alichokiweka akiba kwenye friji, kati ya achari na mtindi.

"Nusura mume wangu, Baba Jarrah, akipake kwenye mkate," alituambia. "Nikamwambia, wewe mwanamume, ukila hicho umekula miaka yangu kumi na minane."

Baadaye Kamati, kwa ukarimu wake, ilimruhusu kuwajaribu kwenye sanduku moja la udongo mweusi wa mafuta uani. Machi mwaka huu likachipua arfaji, kichaka chetu cha maua ya njano. Kamati iliandika ndani ya siku mbili, kasi ambayo hatujawahi kuiona: nani kapanda mmea bila kibali? Bi Munira akajibu: "Hakuna aliyepanda. Umejiotea, haukujua kama kuna kamati."

Bi Munira, tunakushukuru, na tutakukosa kweli. Saini ya tano imepatikana Jumatatu. Kibali kinaanza kutumika Jumapili ijayo, na wewe, mwenye saini ya kwanza, unastaafu Alhamisi.

Tunakutakia mapumziko mema na afya tele. Ile nafasi kati ya achari na mtindi, tafadhali usiijaze.