Mwalimu Verdiana Medard Asiondoke na Barua ya Onyo

Bagamoyo, Ijumaa, tarehe 20 Septemba 2024.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wa Mwalimu Verdiana Medard kwa niaba ya wanafunzi wa Kidato cha Nne. Kabla sijaanza naahidi kwamba nitaeleza yote, yale ya kupigiwa makofi na yale ambayo wengine wangependa yabaki kabatini.

Mwalimu Verdiana anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Septemba, siku atakayotimiza miaka sitini. Amefundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na mitatu, na ishirini na mitano kati ya hiyo ameifanya katika shule yetu. Muda wote huo jalada lake halikuwa na doa. Sasa lina barua ya onyo, ya tarehe 2 mwezi huu, inayomlaumu kwa kosa ambalo hakulifanya. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nimekasirika bila sababu.

Ofisi ya taaluma ilinipa wasifu wa mwaka jana niufuate, nibadilishe jina na tarehe tu. Ulikuwa wa Mzee Kombo, dereva wetu, mtu mwema sana. Kama ningetii, leo mngesoma kwamba Mwalimu Verdiana ameendesha kwa uangalifu na hajawahi kupata ajali. Nimeurudisha ofisini.

Mwalimu alianza kazi Lugoba, mwezi Julai 1991. Mvua za mwaka wake wa kwanza huko, paa la nyumba yake lilivuja juu ya insha arobaini za wanafunzi. Kulipokucha akazibana karatasi kwenye kamba ya nguo ili zikauke. Jirani yake, Bi Ashatu, alipita na ndoo yake ya maji, akasimama, akasoma kuanzia mwanzo wa kamba hadi mwisho.

"Mwalimu," akauliza, "barua zote hizi kakuandikia mtu mmoja?"

Mwalimu anasema alicheka, kisha akaingia ndani na kicheko kikamwishia mlangoni. Watoto wote arobaini walikuwa wameanza na "Siku moja", wote wakaendelea na "halafu", na kila sentensi ilikuwa na urefu uleule wa iliyotangulia. Na yeye ndiye aliyewafundisha kuandika hivyo.

Tangu hapo darasa lake likawa na kamba. Hapa kwetu ilikuwa ya manila, imefungwa kutoka nondo ya dirisha hadi msumari ulio juu ya ubao. Ukimaliza insha, unaikata vipande, kila sentensi na kipande chake, unavibana kwa vibanio vya nguo, halafu unarudi nyuma ya darasa kutazama. Hukuhitaji kuambiwa. Vipande vikilingana kama mbao za chaga za kitanda, unaona mwenyewe. Sentensi sita zikianza na "Mimi", unaona mwenyewe, na wenzako wanaona pia na hawana huruma.

Alikuwa na mtindo wa kushika kipande kimoja na kuuliza, "Hii nikiitoa, nani atalia?" Kama hakuna aliyelia, sentensi inaingia mfukoni mwa gauni lake. Kuna siku kipindi kilikwisha mfuko umefura, na insha yangu imebaki na vipande vinne.

Watu hudhani alikuwa anatufundisha kuandika sentensi ndefu. Hapana. Nitatoa mfano wa Lulu, ambaye tunakaa dawati moja. Mama yake anauza korosho Msata, pale mabasi yanaposimama. Tukiwa Kidato cha Pili Lulu aliandika hivi: "Mama anauza korosho. Mama anaamka mapema. Mama anakwenda stendi. Basi linafika. Mama anakimbia." Vikawa vipande vitano, vyote saizi moja. Mwalimu akashika kipande cha basi.

"Basi linasimama dakika ngapi, Lulu?"

"Mbili, mwalimu. Likichelewa sana, tatu."

"Na kati ya basi na basi?"

"Hata saa nzima."

"Sasa mbona mama yako anakimbia saa nzima? Mkalishe."

Darasa zima lilicheka, Lulu akiwemo. Zile sentensi fupi za basi alizibakiza, kisha akaandika hii: "Basi likishaondoka, mama hukaa juu ya ndoo aliyoigeuza, akafuta vumbi mifuko ya korosho mmoja baada ya mwingine, huku akiitazama barabara ya Segera kama mtu anayesubiri mgeni ambaye hakusema atakuja lini." Kipande kilikuwa kirefu mpaka ikabidi kishikwe kwa vibanio vitatu. Abdulazizi, ambaye hakosi la kupinga, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sentensi ndefu hivyo si kosa?"

"Ulipoisikiliza ulichoka?"

"Sikuchoka."

"Aliyechoka ni mama Lulu. Iache."

Hivyo ndivyo alivyotufundisha. Wakati mwingine alitutaka tuanze na mahali, wakati mwingine na kitendo, wakati mwingine na mtu, na kila mara alitaka sababu. Alisahihisha kwa penseli, kwa sababu wino mwekundu, alisema, unamfanya mtu akimbilie alama na kuiruka sentensi. Waliopita mikononi mwake wako wengi. Yupo muuguzi ambaye taarifa zake za zamu hueleweka kwa kila anayezipokea. Yupo kaka Ishaka anayeuza viwanja Mapinga, na matangazo yake husomwa hadi mwisho hata na watu wasio na mpango wa kununua.

Sasa naja kwenye yale mengine.

Januari mwaka huu tulipata mwalimu mpya wa taaluma, Mwalimu Masoud. Alikuja na karatasi iliyoitwa Insha Msingi. Ilikuwa na sentensi ishirini na mbili na nafasi tano za kujaza, na ilianza hivi: "Kuna mambo mengi katika maisha ya mwanadamu, na dashi ni mojawapo." Ukiulizwa kuhusu elimu unajaza elimu. Ukiulizwa kuhusu ajali unajaza ajali. Kila Jumatatu na Alhamisi jioni, katika kipindi cha ziada, Mwalimu Masoud alitusimamisha tukaikariri kwa sauti. Kamba ya manila ilifunguliwa. Alisema darasa si ua wa kuanikia nguo.

Siku hiyo walimu hao wawili walizungumza barazani, na sisi tuliokaa karibu na dirisha tulisikia.

"Mwalimu mwenzangu," alisema Mwalimu Verdiana, "ukiwapa watoto themanini mdomo mmoja, siku wakiulizwa jambo lao wenyewe watajibu na nini?"

"Mama, wewe Septemba unaondoka. Matokeo nitaulizwa mimi."

Sitaki kumwonea Mwalimu Masoud. Naamini aliogopa matokeo, na hofu hiyo hata sisi tulikuwa nayo. Lakini kuogopa ni jambo moja, na kumwachia mtu mwingine mzigo wako aubebe ni jambo jingine.

Mtihani wa majaribio wa Julai ulitutaka tueleze jambo moja lililobadilika katika mtaa tunaoishi. Tulikuwa watahiniwa themanini na sita. Sabini na tisa tuliandika kwamba kuna mambo mengi katika maisha ya mwanadamu, na mabadiliko ya mtaa ni mojawapo. Nasema tuliandika kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Nyumbani kwetu kisima tulichochota tangu nizaliwe kimezungushiwa ukuta wa mtu aliyenunua kiwanja, na sasa mama anazunguka njia mbili kufuata maji. Nilikuwa nalo la kusema. Nikajaza nafasi tano na kuketi kusubiri muda uishe. Lulu ni mmoja wa wale saba walioandika la kwao.

Wasahihishaji waliona insha sabini na tisa zinazofanana neno kwa neno wakahitimisha kwamba tumenakiliana. Tukapata sifuri katika insha, na shule ikatakiwa ijieleze. Tarehe 28 Agosti wanafunzi watatu tuliitwa kwenye kikao cha uchunguzi cha shule. Mimi niliitwa kwa kuwa ni kiranja wa taaluma. Mwalimu Masoud alikuwepo, akiandika muhtasari. Mwenyekiti aliuliza insha ile tuliipata wapi. Nikajibu, darasani. Akauliza, kipindi gani. Nikajibu, cha Kiswahili, kwa kuwa ndivyo kipindi kile cha ziada kilivyoandikwa kwenye ratiba. Hakuuliza nani alikuwa mbele ya darasa, na mimi sikusema. Wenzangu wawili wakasema kama nilivyosema. Mwalimu Masoud aliandika majibu yetu yote, hakuinua kichwa, akapiga mstari chini yake.

Baada ya siku tano barua ikatoka. Inasema Mwalimu Verdiana Medard amewakaririsha wanafunzi insha moja kinyume cha maadili ya ufundishaji.

Naomba sentensi hiyo isomwe tena na kila mtu aliyewahi kukaa katika darasa lake.

Nilimfuata Mwalimu ofisini kwake siku ya pili yake. Nikamwamkia, akaitikia kama kawaida. Nikamweleza nilivyojibu na nilivyonyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho, penseli ikiwa mkononi.

"Umeniambia mimi, Hajra," akasema. "Mimi nilikuwa najua."

Kisha akaendelea kusahihisha. Nilitoka nje nikiwa na hasira naye, kwa sababu nilitaka anikaripie tuishie hapo. Hasira hiyo haikufika hata getini. Nilijua hasira yangu ilikuwa juu ya nani, na nilijua ni akina nani walikuwa bado hawajaambiwa. Nilipowaeleza wenzangu darasani, Lulu alinitazama juu hadi chini. "Kiranja, leo ndo sauti imekurudia?" akasema. Kisha akawa wa kwanza kuomba kalamu.

Kwa hiyo nawaambia wazazi, bodi na walimu wote mtakaousoma wasifu huu. Insha Msingi tulipewa na Mwalimu Masoud, katika kipindi cha ziada, kuanzia Januari hadi Julai. Mwalimu Verdiana aliipinga mbele ya watu na hakuifundisha hata siku moja. Nimeambatisha karatasi zenye maelezo, majina na sahihi za wanafunzi sitini na wawili wanaosema hivyo hivyo, wakiwemo wale wawili tuliokwenda nao kwenye kikao. Kila mmoja ameandika kwa maneno yake mwenyewe, na hakuna maelezo mawili yanayofanana. Mkihitaji uthibitisho kwamba alitufundisha, anzeni na karatasi hizo.

Ijumaa ijayo kutakuwa na sherehe. Mwalimu atapewa kanga na keki, na kwaya imekwisha kufanya mazoezi. Vyote hivyo anastahili. Lakini mtu hawezi kuvishwa kanga mbele ya watu huku ofisini, hatua ishirini kutoka jukwaani, jalada lake linasema ni mdanganyifu. Atakayekuja kulifungua baadaye hatajua habari za Msata wala za Lugoba. Atakuta miaka thelathini na mitatu, na ukurasa wa mwisho.

Mwalimu wetu, asante. Asante kwa kila sentensi uliyotia mfukoni na kwa zile ulizotuachia. Umesema kazi yako ya kwanza huko Mapinga unakohamia itakuwa kulala mpaka saa mbili asubuhi. Tunakuombea usingizi huo uwe mtamu, mihogo yako isiguswe na nguruwe pori, na wageni wako wawe wale unaowapenda. Tutakuja, na tutabisha hodi baada ya saa mbili.

Najua rasimu hii itapita kwanza mikononi mwa Mkuu wa Shule, na ninaamini ataisoma yeye mwenyewe. Shikamoo, Mkuu. Kiranja wa zamu atakayeturudishia rasimu darasani anaweza kuja na jibu lako, hata likiwa la mstari mmoja. Tutakuwepo Kidato cha Nne B hadi kengele ya mwisho. Barua ya tarehe 2 Septemba itaondolewa katika jalada la Mwalimu Verdiana kabla ya Ijumaa, au unataka tumwimbie wimbo wa kumuaga huku sote tukijua kwamba bado imo?

Hajra Bwanaheri,
Kidato cha Nne B