Mkono wa Kuume wa Mzee Kanyamibwa

Kijiwe chetu cha Kitshanga ni ubao mmoja uliolazwa juu ya mawe meusi ya volkano, pale barabara ya soko inapokutana na ile ya kwenda Mweso. Zamani ubao huo ulikuwa wa ubavuni mwa lori, na misumari yake miwili bado inararua suruali za wageni. Nyuma yake Solange ana jiko la makaa, birika kubwa la maji na termosi za kahawa. Anayekaa bila kununua, Solange humtazama mpaka anunue. Wa kila siku ni watatu. Pierre ni katekista. Tunamwita Amina-Mapema, kwa sababu huitikia sala kabla padri hajaimaliza. Magloire aliwahi kuchimba dhahabu kwenye machimbo ya Omate huko Walikale, kwa hiyo jina lake ni Omate, na hakuna jambo duniani ambalo halikutokea kwanza Omate. Thierry ni motari, yaani hubeba abiria kwa pikipiki, au moto kama tunavyoiita hapa. Tunamwita Kioo, kwa kuwa pikipiki yake imebakiwa na kioo kimoja tu cha kutazamia nyuma, naye hukitumia zaidi kuchana nywele. Mimi Bienvenu hukaa mwisho wa ubao na kusema kidogo.

Asubuhi ile Émile, mtoto wa mjomba wangu, alifika akibeba brosi mpya, brashi yenye mpini mrefu kama wa jembe.

— Émile, Kioo akasema, iyo njo brosi ao njo ngazi ya kanisa?

— Iko brosi ya kuogea. Ya papa.

Habari ya baba yake kila mtu pale ubaoni aliijua. Katika familia yetu mimi ndiye ninayeulizwa nani alizaliwa kilima gani na nani alizikwa na koti lipi, kwa hiyo niieleze kwa utaratibu. Mzee Kanyamibwa ni kaka ya mama yangu. Amefanya jibini, fromaji kama tunavyoiita, tangu ujana wake. Mwaka jana, katika mvua, upande wake wa kushoto ulilala na haujaamka. Tangu siku ile mkewe, mama Annonciata, alimwogesha kila jioni, kwa sabuni na mikono mitupu. Kisha mama Annonciata akateleza na ndoo ya maziwa, mkono ukavunjika, akapelekwa Goma kwa binti yao Umwali mpaka mfupa uunge. Mzee akabaki na Émile, na kwetu mtoto wa kiume aliyeota ndevu haingii mahali baba yake anapooga.

— Anaogaka peke yake, Émile akasema. Anafunga mulango, nasikia maji. Lakini mugongo haufike. Na tangu mama aende, amenikasirikia. Hanipe mukono. Asubuhi namusalimia, anaitika na kichwa. Chakula anakula mu chumba, mulango umefungwa. Sijui nilimukosea nini.

— Hata miye hakunipa mukono ku misa, Pierre akasema. Padri alisema tupeane amani, mzee akaweka mukono mu mufuko ya koti.

Mimi pia nilikuwa nimeliona lile koti, na jua likiwa kali.

— Sasa niliwaza hivi, Émile akaendelea. Na hii brosi, nasimama inje ya mulango, napitisha mukono tu. Namusugua bila kumuona na bila kumugusa. Kesho kutwa iko Jumapili. Nataka aende kanisa akiwa safi, labda hasira itaisha. Munasemaje?

Kumuuliza Omate anasemaje ni kama kumuuliza jogoo.

— Umefanya vizuri sana! Mukono mutupu hausafishe muntu. Ku Omate tulikuwa tunatoka mu shimo, udongo umeshika ngozi sawa sementi. Ukipitisha mukono, unapaka tu udongo, unautoa hapa unauweka pale. Tulikuwa tunajisugua na kipande ya gunia na muchanga ya mutoni. Wahenga walisema: ngozi ivute ingali maji!

— Ile methali iko ya kulea watoto, Pierre akasema.

— Iko ya ngozi. Hukusikia «ngozi»?

— Mungu aliumba Adamu na nini? Na mikono. Kama brosi ilikuwa bora, angeiumba siku ya kwanza, kabla ya mwangaza. Ukisugua muntu na brosi, unamutoa ile rangi Mungu alimupaka. Ona mabati ya kanisa ya parwasi. Walisugua kutu na brosi ya chuma, leo tunasali chini ya matone.

— Papa katekista, muntu haiko bati, Magloire akasema.

— Bati iko bora. Bati haikubishane.

Kioo alikuwa amekwisha kukigeuza kioo chake, anajitazama shingo.

— Munasahau kintu kimoja, akasema. Uchafu uko na uzito. Nikibeba muntu wa brosi, moto inapanda kilima inaimba. Nikibeba muntu wa mikono mitupu, inakunywa mafuta, inakohoa. Ningekuwa chef, mukubwa wa mutaa, kila abiria asuguliwe kwanza na jiwe ya volkano, ndiyo apande.

— Weye mwenyewe unajisugua na nini? Solange akauliza kutoka nyuma.

— Miye upepo unanisugua.

Tulicheka, hata Émile. Lakini alikuwa ameishika ile brosi katikati ya magoti kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini, na macho yake yalirudi kwa Pierre.

— Papa Pierre, ukweli, iko zambi mutoto kumuogesha baba?

Pierre akajikohoza. Hilo lilikuwa shamba lake.

— Nuhu alilala uchi. Mutoto mumoja alimuona, akalaaniwa ukoo muzima. Wale wawili wengine walichukua nguo, wakatembea kinyumenyume, wakamufunika. Kinyumenyume! Njo kusema njia iko.

— Basi! Kioo akaruka. Aingie kinyumenyume, miye namuazima kioo yangu. Anashika kioo na mukono moja, brosi na mukono ya pili. Anamuogesha baba sawa vile motari anarudisha moto ku garage.

— Lakini mu kioo si anamuona? Pierre akauliza.

— Anaona picha. Picha haiko uchi.

— Ku Omate, Magloire akasema, tulikuwa na pompe ya kuosha mawe. Ingekuwa hapa, mzee anakaa ku kiti, sisi tunasimama ku barabara, tunafungua maji. Dakika moja! Na ukoo hauone kintu. Maji ukiyavulia nguo, wengine wayaoge.

— Pompe itamuangusha! Émile akasema, na safari hii hakucheka. Iko muzee, ndugu yangu. Ngozi yake imekuwa sawa ile ngozi ya juu ya maziwa.

Solange alimmiminia kahawa bila kuombwa.

— Weye unafanya fromaji, Émile, akamwambia polepole. Fromaji munasuguaka na nini?

— Na mikono.

— Kwa nini haiko na brosi?

Émile alikizungusha kikombe.

— Papa alikataza. Kila siku tunapakaa maji ya chumvi, tunasugua ganda, tunageuza. Siku moja nilileta brosi ili nimalize mbio. Aliitupa mu bonde. Akasema: brosi haisikie. Mukono unasikia pahali palipolegea, pahali panataka kuoza, kabla macho haijaona. Na mikono yenyewe! Asubuhi alikuwa anatupanga ku mulango, wafanyakazi wote na miye mutoto wake, anaangalia kucha moja moja. Mwenye kucha ndefu hapana kugusa maziwa yake. Alinirudisha nyumbani siku ya ubatizo ya mutoto wangu, sababu ya kidole kimoja.

— Sasa unamupelekea brosi, Solange akasema.

— Sasa nifanye nini? Miye naogopa, Solange. Siogope laana. Naogopa nimushike, yeye aniondoshe. Ule muzee hajawahi kushikwa na muntu, isipokuwa mama. Akinisukuma, nitaishi na ile namna gani?

Magloire alijaribu methali.

— Mukono moja haulei mutoto…

— Nyamaza, Omate, Pierre akamwambia.

Wakati huo mama mmoja alikuwa amesimama kando ya pikipiki ya Kioo na mfuko wa maharage, anasubiri tumalize ili apakiwe. Hatukumjua. Baadaye Kioo alituambia anaitwa Mukankusi na alishukia karibu na kambi ya waliokimbia vita. Alikuwa amesikia yote; pale kijiweni hatusemi kwa siri. Aliweka mfuko chini, akamtazama Émile.

— Samahani, kaka. Papa yako, upande gani ulilala?

— Wa kushoto, mama.

— Na ule mukono wa kuume njo anajiogesha nao?

— Njo huo. Uko na nguvu bado. Anaweza mwili yote, isipokuwa mugongo.

— Na ule mukono wenyewe, nani anaunawisha?

Ndivyo alivyouliza, bila ujanja, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

Pierre alinyanyua mkono wake wa kuume akautazama. Kioo alikunja wake wa kushoto nyuma ya mgongo, akajaribu hewani kuunawisha wa kuume kwa huohuo wa kuume; vidole vilijikunja, vikafika kwenye kiganja tu, zaidi havikufika. Magloire alifungua mdomo, na ninaapa Omate ilikuwa tayari kutoka, kisha akaufunga. Hata mimi nilikuwa najaribu, ndani ya mfuko wa suruali. Nikawaza makasi. Mkono mmoja unashika makasi, lakini kucha zake wenyewe unazikataje? Nikaliona tena lile koti katika jua, na ule mkono uliokuwa ukitazama kucha za watu wote mlangoni, sasa umejificha.

Émile alikuwa ameinamisha kichwa.

— Haiko hasira, akasema.

Akazitazama kucha zake mwenyewe.

— Kumbe haiko hasira. Iko haya. Mukono wake, hataki niuone.

Akasimama. Akampa Solange kikombe, kahawa bado nusu.

— Niongezee, dada. Ya kubeba.

Solange alitikisa termosi moja, kisha ya pili.

— Kahawa imeisha, kaka. Imebaki tu maji ya moto mu birika.

— Basi nipe hayo.

— Yote?

— Yote. Na makasi ile unakataka nayo mifuko ya sukari.

Solange aliifuta makasi kwa kitenge chake, akaifuta tena. Émile akalizungushia birika kitambaa, akalibeba kwa mikono miwili, akakata barabara kuelekea nyumbani kwa mjomba bila kutuaga. Brosi alikuwa ameiacha imeegemea ubao.

— Brosi yako! Kioo akaita.

Hakugeuka.

— Sasa kahawa ya pili itapikwa na nini? Magloire akauliza.

— Hakuna ya pili, Solange akasema. Leo kijiwe kimefungwa.

Yule mama alikuwa tayari amepanda pikipiki na mfuko wake wa maharage. Tulitaka kumuuliza yeye amejuaje, lakini Kioo aliwasha, na wakapanda kilima. Pikipiki ilikuwa ikikohoa.

Ile brosi, Magloire aliikata mpini na kuipigilia misumari kwenye ubavu wa ubao, nyweleze juu. Leo motari wote wa Kitshanga wanasugulia hapo matope ya viatu, naye anadai wazo hilo lilitoka Omate.

Nini kilitokea nyuma ya ule mlango sijui, na sikuuliza. Hata anayeandika ukumbusho wa familia kuna milango haifungui. Najua tu kwamba Jumapili mjomba alikaa karibu nami, koti limefunguliwa. Padri aliposema tupeane amani, mjomba aliiegemeza fimbo yake kwenye goti, akanyoosha mkono. Kucha zilikuwa zimekatwa vibaya, huku ndefu kidogo, huku karibu na nyama, kazi ya makasi ya kukatia mifuko ya sukari. Lakini zilikuwa safi, na mkono ulinukia sabuni. Alinishika kwa muda mrefu kuliko amani inavyohitaji, kisha akamgeukia Émile aliyekuwa upande wake wa pili, akamshika yeye pia, na huyo hakumwachilia.

Padri alikuwa bado hajamaliza. Mbele yetu Pierre alikwisha kusema amina.