Mzee Bado na Chupa Isiyo na Lebo

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza mdogo wangu, mimi niliyesimama mbele yenu ni dada yake mkubwa, niliyembeba mgongoni kabla hajajua kutembea, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kwa sababu, wanasema, nina sauti kubwa na sitalia kabla ya mwisho, jambo ambalo mimi sijaliahidi. Wale msiokunywa pombe mtuwie radhi mapema, maana maisha ya marehemu hayasimuliki bila chupa, ila msiwe na wasiwasi, leo hatumimini kitu.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 14 Agosti 1949, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyotazamana na karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa fundi cherehani na mkunga, na tangu angali mdogo alikuwa na pua iliyotuchosha wote, kwa kuwa alinusa kila kitu kabla ya kukigusa, akanusa daftari jipya, akanusa sabuni, akanusa wageni, na mama alimpiga marufuku kukaa sebuleni shangazi anapokuja. Alianza shule ya msingi Januari 1957, akaendelea na sekondari mwaka 1965, akahitimu mwaka 1968 kwa alama za wastani, na walimu wake wanaokumbukwa ni wachache, lakini yeye walimkumbuka wote, hasa mwalimu wa kemia, aliyemkuta chali sakafuni baada ya kunusa chupa ya amonia ili, kama alivyojieleza alipozinduka, ajue inafananaje na ya jana.

Machi 1969 aliajiriwa kuosha glasi katika hoteli iliyokuwa mkabala na stesheni, mwaka uliofuata akawa mhudumu wa chumba cha chakula, na ilipofika 1973 akakabidhiwa ghala la vinywaji, chumba cha chini chenye balbu moja na ngazi iliyolia kila ukikanyaga, akawa anatembea na funguo kiunoni kama mkuu wa gereza. Hoteli hiyo hiyo ilikuwa na binti mpokea simu, aliyekaa kwenye kibanda cha vioo chini ya ngazi kuu, na mdogo wangu akawa anampigia simu kutoka ghalani kila baada ya muda kumuuliza saa ngapi, ilhali yeye mwenyewe alikuwa na saa mkononi, mpaka siku moja binti akamjibu kwamba ni saa ya kuja kujitambulisha kwa wazazi. Huyo ndiye wifi yangu, aliyekaa hapo mbele.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 4 Januari 1975, na sherehe ilifanyika katika ukumbi mdogo wa nyuma wa hoteli, wafanyakazi wenzao wakichangia kila kitu kuanzia viti hadi keki, na hapo ndipo lilipotokea jambo lililomtawala marehemu maisha yake yote, kwa hiyo naomba mnisikilize vizuri. Mgeni mmoja wa hoteli, mfanyabiashara wa vinywaji aliyekuwa anasafiri alfajiri, aliwazawadia maharusi chupa kadhaa za sampuli zake, hakuna mbili zilizofanana, na mpishi mkuu, aliyekuwa msimamizi wa bwana harusi na aliyejiona anajua kila kitu, akazilaza zote usiku wa kuamkia harusi kwenye beseni la kuogea lililojaa barafu na maji. Asubuhi lebo zote zilikuwa zimebanduka na kugeuka uji chini ya beseni, chupa zikabaki uchi, na mgeni keshapanda treni, hakuacha jina wala anwani.

Chupa ya kwanza kufunguliwa ilitoa kizibo kwa mlio, ikamwaga mvinyo mwekundu uliojaa mapovu, na ukumbi mzima ukashika midomo, kwani siku zile sisi tulijua mvinyo wenye mapovu ni mweupe, na mwekundu ukitoa mapovu basi umeharibika, na mpishi mkuu akatoa hukumu papo hapo, "Umechacha huo, mwageni, msiue watu kwenye harusi." Chupa ilikuwa njiani kuelekea kwenye sinki wakati bibi harusi, ambaye alikuwa tayari ameonja, alipoinuka na gauni lake lote na kusema, "Usithubutu!" Mdogo wangu akaichukua chupa kwa mpishi, akaishika kwa mikono miwili, akammiminia mkewe glasi nzima, na wifi akanywa yote, akafuta mdomo, akamwambia mumewe mbele yetu sote, "Nitafutie mwingine kama huu." Mwingine haukuwepo, chupa zilizobaki zilikuwa na vitu vingine kabisa, na mume wa siku moja akaahidi kwamba ataupata, hata kama ni kufa na tai shingoni.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti wa kwanza aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1976, wa kiume aliyefuata Juni 1979, na kitinda mimba wetu wa Februari 1984, na wote watatu wamekua wakijua kwamba Jumamosi jioni jikoni hapapikwi, panaonjwa. Baba angeingia na chupa aliyoipata kwa rubani, kwa baharia, kwa meneja wa hoteli nyingine au kwa mtu aliyemjua mtu, angeipoza, angeifungua taratibu na kitambaa juu yake, kisha angesimama pembeni ya meza mikono nyuma kama mwanafunzi anayesubiri matokeo, na mama yao angeonja, angeangalia dari, angeonja tena, halafu angesema, "Bado." Yeye angeitikia, "Haya, mama watoto, bado," bila kununa, na kabla vyombo havijaondolewa alikuwa ameanza kupanga Jumamosi ijayo amwone nani.

Chupa ya kwanza kabisa, aliyoipata mwaka 1978 baada ya kuhangaika miaka mitatu, ilikuwa tamu kupita kiasi, na wifi alisema hiyo ni soda ya watu wazima, ya pili ilikausha ulimi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, ya tatu ilikuwa imezeeka rafuni na mapovu yake yalikuwa yameshaaga dunia. Lakini kwa kukosea huko mtu wetu akajifunza, na kile ambacho wengine walikiona ni wazimu wa mapenzi kikageuka kuwa ujuzi, hadi watu wakawa wanatoka mbali kuja kumuuliza. Ilipofika Mei 1986 aliacha kazi hotelini kwa heshima zote, akafungua duka lake la vinywaji kwenye mtaa wa nyuma wa benki, kati ya fundi viatu na kinyozi, na kwa kuwa mkewe hakuwa anaficha jibu la Jumamosi, wateja wakampa jina la Mzee Bado, naye akalipokea kama cheo.

Mliowahi kuingia dukani mle mnajua kwamba hukutoka na chupa kabla hujahojiwa, unakula nini nayo, unakunywa na nani, mna ugomvi au mna amani, na kama ni nyama ya kuchoma yenye mafuta alikupa mkavu, ule unaoukamata ulimi na kuuosha, na kama ni keki au tunda alikupa mtamu mwepesi, na ukitaka mtamu kwa nyama hakukukatalia, alikutazama tu mpaka ukabadili mawazo mwenyewe. Majina ya kwenye lebo yalikuwa yanavunja meno, kwa hiyo mivinyo aliibatiza upya, mkavu kuliko yote ukaitwa Mkaguzi, mtamu unaopendwa na kila mtu ukaitwa Shemeji, na ule mzito wa rangi ya zambarau, ulioanza kwa upole na kumalizia kwa ukali, aliuita kwa cheo changu mimi, Dada Mkubwa, na nilipolalamika aliniambia ndio unaouzika zaidi. Alifundisha kwamba mwekundu wa mapovu unataka ubaridi, tofauti na ndugu zake waliotulia, lakini ukitia vipande vya barafu ndani ya glasi umeua, kwamba uuchague ukiwa mchanga kwa sababu wengi wao hawakuumbwa kusubiri, na kwamba uinamishe glasi utazame mapovu, yakiwa madogo na yanapanda bila haraka, yenye rangi ya waridi ukingoni, nunua, na yakiwa makubwa kama ya sabuni ya kufulia yanayokimbia na kupotea, rudisha chupa na umsalimie aliyekuuzia.

Kuna siku za joto za mwaka 1993 ambazo mtaa hautazisahau, shehena mpya ilipowekwa ghalani feni ikiwa imeharibika, chupa zikaanza kupasuka moja baada ya nyingine, fundi viatu akajitupa chini ya benchi lake akidhani benki inavamiwa, na kinyozi akakimbia na kumwacha mteja nusu kichwa, huku mwenye mali amesimama mlangoni, analamba kidole, anasema ubaya ni kwamba ulikuwa mzuri. Na kuna Jumamosi moja ya mwaka 1997 ambapo wifi alionja, akaangalia dari, akaonja tena na tena hadi watoto wakaacha kupumua, halafu akasema, "Unakaribia," na mdogo wangu usiku ule hakupata usingizi, kesho yake akaenda kununua chupa zote za aina ile zilizokuwepo mjini, akazijaza hadi chini ya kitanda cha kitinda mimba, na Jumamosi iliyofuata wifi akaonja tena na kusema kwamba hapana, alikosea, bado. Tulicheka hadi mbavu zikauma, na yeye alicheka kuliko sisi, na ninapoyakumbuka macho yake ya siku ile natamani miaka irudi nyuma hata kwa jioni moja.

Marehemu alianza kusumbuliwa na koo mwezi Juni 2016, akapelekwa hospitali mwezi uliofuata, na matibabu yaliyompa uhai yalimnyang'anya ladha na harufu, ikawa kahawa, mchuzi na maji ya bomba ni kitu kimoja mdomoni mwake. Wengi walidhani hilo ndilo litakalommaliza, na kwa kweli lilimuumiza sana, alikuwa anachukua kizibo ananusa, anakirudisha mezani, na sisi tunaangalia pembeni. Lakini hakukata tamaa juu ya ahadi yake, aliendelea kuchagua kwa macho na kwa masikio, anainamisha glasi, anaisogeza sikioni kusikiliza mapovu, na alipoishiwa nguvu za kwenda dukani alianza kumfundisha mkewe kuchagua, akiwa kitandani na mito mitatu mgongoni, na alikuwa mwalimu mkali. Wasiwasi wake ulikuwa mmoja tu, na aliusema waziwazi kwa kila aliyekuja kumjulia hali, kwamba anaogopa ataondoka hajampatia mwanamke huyu kitu pekee alichomwomba.

Jumamosi tarehe 30 Septemba 2017 wifi alikwenda dukani peke yake, akachagua chupa kwenye rafu, akaipoza, akaileta chumbani na glasi mbili, akaifungua na kitambaa juu yake kama alivyofundishwa, akammiminia mumewe asikilize, kisha akaonja, na watoto wote watatu walikuwepo, mimi pia nilikuwepo. Hakuangalia dari. Alisema, "Baba watoto, ndio huu." Mumewe akamuuliza, "Una hakika?" Akamjibu, "Nina hakika." Mdogo wangu akafumba macho, machozi yakamtoka, akasema, "Tumefika, mama," akanywa glasi yake yote ambayo kwake ilikuwa maji baridi, na tangu siku ile hakuulizia tena habari za duka. Alifariki Alhamisi tarehe 19 Oktoba 2017, alfajiri, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, na ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu sita na dada mmoja mwenye mdomo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya koo, ambao hawakuchoka kuulizwa lini pua itarudi, majirani waliolala kwetu kwa zamu, wafanyakazi wa zamani wa hoteli, fundi viatu na kinyozi waliofunga kazi zao wiki nzima, pamoja na wateja wote wa duka, na kama kuna tuliyemsahau, asituhesabie kosa.

Kabla sijakunja karatasi hii wifi ameniomba nisome maneno yake, kwa kuwa yeye hawezi kusimama. Anasema ladha ya ule mvinyo wa harusi aliisahau kabla binti yake wa kwanza hajazaliwa, haikumbuki hata kidogo, na mara ya kwanza alisema bado kwa sababu ile soda kweli ilikuwa mbaya, lakini alivyomwona mumewe anainuka amechangamka, anapanga atakwenda wapi Jumamosi ijayo, aliogopa kwamba siku atakayosema ndio huu, mtu wake ataacha kusimama pale jikoni mikono nyuma akimtazama yeye tu, na kwa hiyo akawa anasema bado kwa mivinyo ambayo hata malkia angeipigia magoti. Anasema siku ile ya mwisho alisema ndio huu kwa sababu aliona amechoka na hawezi tena kwenda. Anasema hakumdanganya, kwani mvinyo wa kumfurahisha kama ule mdogo wangu alikuwa ameupata siku nyingi, tena zaidi ya mara moja, na kilichobaki akilini mwake kutoka kwenye harusi ni namna alivyoishika ile chupa kwa mikono miwili, na anataka nisome hivi hivi alivyotamka, kwamba angekunywa hata siki miaka yote arobaini na miwili, mradi anayemimina ni yeye.

Nenda ukapumzike kwa amani, mdogo wangu.