Bi Sikudhani Mwishehe na Laini Moja ya Kisarawe

Tarehe 30 Juni 1984 Bi Sikudhani Mwishehe anavua vifaa vya masikioni kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na miwili katika kazi ya simu, kwanza Kisarawe, kisha Kibaha. Tunaandika kumpongeza. Lakini sisi tuliofanya naye kazi tuna hasira, na hatutaificha.

Alipoanza mwaka 1962, Kisarawe ilikuwa na laini mbili tu za kwenda Dar es Salaam, na wenye haja ya kupiga walikuwa wengi. Opereta wa kabla yake alikuwa akimpa laini yule aliyefoka zaidi. Bi Sikudhani akabandika ukutani utaratibu wake: mgonjwa kwanza, halafu ajali na moto, kazi za serikali, biashara, na salamu mwisho. Mazungumzo ya kawaida, dakika tatu. Mumewe, Mzee Isihaka, analalamika mpaka leo kwamba alikatiwa simu akimsalimia shemeji yake. Foleni ikaanza kwenda.

Masika ya 1974 nguzo zilianguka njiani, ikabaki laini moja. Laurean, mganga wa zahanati, alikuwa akiomba gari na damu kwa ajili ya Mwanahalima, aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Hapo mkubwa mmoja akapiga, akitaka kuulizia viti vya harusi ya bintiye.

"Kata hiyo simu! Unajua unazungumza na nani?"

"Najua, Mzee, ndiyo maana nimekuamkia. Subiri zamu yako."

Gari lilifika. Mwanahalima yu hai, analima mihogo yake. Na opereta? Akaandikiwa barua ya utovu wa nidhamu, akahamishiwa Kibaha, ghalani, kuhesabu nguzo na nyaya. Miaka miwili! Mtu mwenye sikio lile! Walimrudisha kwenye swichibodi pale tu foleni ya Kibaha ilipowashinda. Hakuna aliyesema samahani.

Yeye hakunung'unika. Sisi tunanung'unika. Tuliomba barua ile iondolewe kwenye jalada lake. Tukajibiwa kwamba kumbukumbu haziondolewi. Haya. Wafanyakazi kumi na tisa tumeandika yetu, tukaeleza yaliyotokea, tukatia saini, tukaishona juu ya ile.

Asante, mama. Nenda nyumbani Tangini ukapumzike na Mzee Isihaka. Tunakuombea afya na siku nyingi za raha. Na ujue kwamba chini ya saini zetu lipo dole gumba moja la wino. Ni la Mwanahalima; alikuja mwenyewe, kwa miguu.

Melkiori Silvanus, kwa niaba ya wenzako