Maoni ya Marehemu Pembeni mwa Ukurasa

Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, lami inafuka mvuke, na wapita njia walitembea taratibu kama watu ambao bado wamo usingizini. Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi. Mimi, Kinyozi na Mama Cherehani, fundi wetu wa nguo, tulikuwa kwenye kikombe cha kwanza cha kahawa Koma alipofika, kompyuta kaikumbatia kama mtoto mchanga. Koma ni mhariri. Jina kalipata kwa kugombana na watu juu ya alama za mkato. Miezi mitatu sasa anamwandalia muuguzi mmoja mstaafu kitabu cha maisha yake. Andiko liko mtandaoni: Koma anarekebisha kwake, muuguzi anasoma kwake na kuweka maoni pembeni, na kila neno jipya linatokea na jina la aliyeliandika.

KOMA: Jamani, marehemu kaanza kutoa maoni.

KINYOZI: Marehemu yupi tena?

KOMA: Mume wa mteja wangu. Kafa mwaka juzi. Sura ya tisa nzima ni msiba wake. Leo nafungua andiko, nakuta jina lake.

Tukainamia kioo cha kompyuta. Muuguzi alikuwa ameandika: “Siku ile tuliagana kwa ugomvi. Sikugeuka nyuma.” Chini yake, kwa rangi ya kijani, jina la mumewe lilipendekeza kuongeza: “Nilibaki mlangoni nikikuangalia mpaka ukakata kona.”

Kinyozi akanyoosha kidole mbinguni.

KINYOZI: Mtandao ni hewa, roho nayo ni hewa. Wamekutana huko huko juu.

MAMA CHEREHANI: Toka hapa! Hiyo ni mashine. Imesoma kurasa mia mbili za watu kupendana, ikaingiwa na huruma, ikaota.

KINYOZI: Mashine iote?

MAMA CHEREHANI: Mbona cherehani yangu inaota? Nikiiachia kitambaa cha harusi, asubuhi naikuta imelainika yenyewe.

KINYOZI: Basi mimi nawaambia, sisi sote tumo ndani ya andiko. Kuna mtu anatusoma, na asichokipenda anakifuta. Wiki iliyopita jina la shemeji yangu lilinitoka kabisa. Mnadhani lilikwenda wapi?

KOMA: Nyie pigeni soga. Kitabu kinakwenda kuchapwa mchana huu. Nikibonyeza “kubali”, nimempa mfu kauli. Nikibonyeza “kataa”, nimemnyamazisha mara ya pili.

Hapo mwanamke mmoja mwenye mvi akasimama mbele yetu, mwavuli umefungwa mkononi. Koma akainuka haraka.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Nimeona ile sentensi hujaigusa.

— Mama, kaiandika nani?

— Mimi. Siku zote nasomea kwenye simu, jana ikazima isiwake tena. Nikafungua kompyuta ya mzee, kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Nikaingia kwenye andiko; akaunti yake ilikuwa bado wazi, jina lake likatokea lenyewe pale juu. Nikaliangalia weee, vidole vikaenda.

Kinyozi akashusha pumzi. Mama Cherehani akamsogezea mgeni nafasi, naye akaketi katikati yetu, akatutazama mmoja mmoja.

— Hivi, mnafikiri kweli alibaki mlangoni?

Mimi nilitazama ndani ya kikombe. Mvuke uliendelea kupanda kutoka barabarani.

— Nikubali au nikatae, mama? Koma aliuliza kwa sauti ya chini.

— Usikatae. Ila iweke iwe maneno yangu. Na mwanzoni niongezee neno moja.

Akalitaja. Koma akaandika polepole, kisha akamgeuzia kioo asome:

“Sikugeuka nyuma. Labda alibaki mlangoni akiniangalia mpaka nikakata kona.”